Manowari Isiyosikika: Jinsi Nyambizi za Gotland Zilivyoundwa Kulinda Pwani

Wasikizaji wetu, katika maelezo haya twataka kueleza habari za chombo ambacho ubora wake wote ni kule kutojulikana kilipo. Manowari nyingine huundwa ili zionekane: huingia bandarini na bendera zake, na mizinga yake humwonya adui kwa kutazamwa tu. Nyambizi, yaani manowari iendayo chini ya maji, ni kinyume chake. Ikijulikana ilipo, imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Basi tutaeleza jinsi mafundi wa Uswidi walivyounda nyambizi za namna ya Gotland, na kwa nini walichagua njia waliyoichagua.

Kwanza yafaa kuijua bahari yenyewe. Uswidi ni nchi ya kaskazini ya Ulaya, yenye watu wasiozidi milioni 11, na pwani yake ni ndefu, imejaa maelfu ya visiwa na miamba. Mbele yake iko Bahari ya Baltiki, ambayo kina chake kwa wastani ni yapata mita 55 tu. Mito mingi humwaga humo maji matamu, nayo hukaa juu, na maji ya chumvi, yaliyo mazito zaidi, hukaa chini. Sauti ipitapo katika tabaka hizo hupindwa, kama vile fimbo iliyotumbukizwa majini ionekanavyo kana kwamba imevunjika. Kwa hiyo atafutaye kwa kusikiliza hupotezwa mara nyingi, naye ajifichaye hupata maficho mema.

Lakini maficho hayo hayachagui kati ya mwenyeji na mgeni. Tarehe 27 Oktoba, 1981, nyambizi ya Muungano wa Kisovieti ilikwama mwambani karibu na Karlskrona, mji wenye kituo kikubwa cha manowari za Uswidi. Kesho yake wavuvi wa hapo ndio walioiona, nayo haikuondoka mpaka tarehe 6 Novemba. Nchi hiyo, ambayo haikupigana vita tangu mwaka 1814, wala wakati huo haikuwa katika mapatano yoyote ya kijeshi, ilitambua kwamba mgeni aweza kufika mpaka kizingitini pasipo kubisha hodi. Tangu siku hiyo swali la ulinzi wa pwani halikuwa tena jambo la maofisa peke yao. Lilikuwa jambo la kila nyumba.

Sasa tuliangalie tatizo lililowakabili mafundi. Nyambizi isiyotumia nguvu za atomiki ina mitambo ya dizeli pamoja na betri. Dizeli haiwaki pasipo hewa, kwa hiyo chombo kikiwa chini huenda kwa umeme wa betri, nazo, hata zikitumiwa kwa uangalifu, hudumu siku chache tu. Zikipungua, nyambizi haina budi kupanda karibu na uso wa maji, kutoa bomba la kuvuta hewa, na kuwasha dizeli ili kuzijaza tena. Huo ndio wakati wa hatari: mitambo hunguruma, moshi hutoka, na bomba lenyewe laweza kuonekana kwa rada. Katika Vita Vikuu vya Pili nyambizi nyingi za Kijerumani zilipigwa na ndege kwa sababu zilikuwa zimepanda juu. Pumzi ndiyo iliyozisaliti.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imebuniwa zamani, tena kwa kusudi jingine kabisa. Mwaka 1816 mchungaji mmoja wa Uskoti, Robert Stirling, alibuni mtambo uendao kwa joto. Katika injini ya dizeli moto huwaka ndani ya silinda, kwa mipasuko mifupi mifupi isiyokoma, na hiyo ndiyo asili ya kelele yake. Katika mtambo wa Stirling moto huwaka nje ya silinda, mfululizo, kama moto wa mafiga chini ya chungu. Ndani ya silinda mna gesi iliyofungiwa. Ikipashwa moto hutanuka, ikipozwa hunywea, na kwa kufanya hivyo husukuma pistoni kwenda na kurudi. Hapana mpasuko, basi hapana mshindo.

Kampuni ya Kockums, ambayo wakati ule ilikuwa na karakana zake Malmö, iliushughulikia mtambo huo kwa ajili ya vyombo vya majini, na mwaka 1988 ulitiwa katika nyambizi iitwayo Näcken ili ujaribiwe baharini. Ulipofaulu, ziliundwa nyambizi tatu mpya: Gotland, Uppland na Halland. Gotland ilishushwa majini mwaka 1995, ikaanza kazi mwaka 1996. Urefu wake ni yapata mita 60, na mabaharia wake ni kama 30 hivi, idadi ndogo kwa chombo cha vita.

Ndani ya nyambizi hii mna matangi ya oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, kwa baridi ya digrii 183 chini ya sifuri. Oksijeni hiyo huchanganywa na mafuta ya dizeli na kuchomwa katika chumba chenye kani kubwa kuliko ile ya bahari iliyo nje. Hivyo moshi hutoka wenyewe pasipo kusukumwa na pampu, ukayeyuka katika maji. Mtambo huzungusha jenereta, na umeme upatikanao huendesha chombo na kuzitunza betri. Kwa njia hiyo Gotland yaweza kukaa chini yapata majuma mawili pasipo kuvuta hewa ya juu, maadamu inakwenda polepole, kama maili tano za bahari kwa saa.

Hata hivyo, pumzi si alama pekee imtambulishayo ajifichaye. Adui husikiliza sauti. Kwa hiyo mitambo imewekwa juu ya vikalio vya mpira, ili mtetemeko wake usifike kwenye bodi ya chombo, nayo rafadha imetengenezwa izunguke taratibu pasipo kuvuruga maji. Adui hutuma mlio na kungoja mwangwi wake. Kwa hiyo bodi imevikwa kitu laini kinachoumeza mlio badala ya kuurudisha. Adui hupima sumaku ya chuma. Kwa hiyo mna nyaya ambazo umeme wake huipinga sumaku hiyo mpaka ikawa dhaifu. Usukani nao haukuumbwa kama msalaba uliosimama wima, bali kama herufi X. Kwa kuwa hapana pezi moja linaloning'inia chini, chombo chaweza kukaribia sakafu ya bahari pasipo kuligonga, na tena chaweza kugeuka upesi katika njia nyembamba kati ya visiwa.

Kila jambo jema lina gharama yake, na gharama ya kimya hiki ni mwendo. Nyambizi ya atomiki yaweza kwenda mbio miezi mizima. Gotland ikienda mbio, betri zake huisha kwa muda wa saa chache. Na oksijeni ikimalizika, hurudi kuwa nyambizi ya kawaida ihitajiyo bomba lake. Kwa hiyo haifai kumfukuza adui baharini. Kazi yake ni kuotea. Lakini atakaye kuishambulia pwani hana budi kuijia, tena aghalabu hupita katika milango ya bahari inayojulikana. Mlinzi aliyekwisha kufika mlangoni hahitaji miguu myepesi.

Jambo hili lilijaribiwa mbele ya mabingwa. Mwaka 2005 Marekani iliikodi Gotland pamoja na mabaharia wake, ikabebwa juu ya meli nyingine mpaka San Diego, ikakaa huko mpaka mwaka 2007. Katika mazoezi ya mwaka 2005 iliweza kuupenya ulinzi wa Ronald Reagan, manowari ichukuayo ndege, yenye urefu wa mita 333 na maelfu ya watu, ikahesabiwa kuwa imeipiga. Hakuna aliyeumia, kwani yalikuwa mazoezi tu. Lakini wakuu wa manowari za Marekani walilichukulia jambo lile kuwa somo zito.

Twapenda msikizaji aondoke na wazo moja. Mwaka 2024 Uswidi iliingia katika mapatano ya NATO, na sasa ina wenzi wa kuisaidia. Bali nyambizi hizi ziliundwa na nchi iliyojua kwamba, siku ya shida, huenda ikasimama peke yake. Nchi ndogo haiwezi kuweka manowari katika kila ghuba. Yaweza, hata hivyo, kumtia adui mashaka katika kila ghuba. Wazee wetu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nyambizi moja iko mahali pamoja tu, lakini hulinda mahali pengi, maadamu adui hajui ni wapi ilipo. Ndiyo maana mabaharia wale 30 huvumilia majuma yao ya giza, wakizungumza kwa sauti ya chini: kazi yao imefanikiwa siku ambayo hakuna lililotokea.