Kabla hujanunua pikapu mkweche, piga nyundo chesisi

Leo naacha mbolea na magugu pembeni kidogo, tuongee gari. Tangu mvua zilipoanza, wakulima wa michikichi huku Simbo, Mwandiga na Ilagala wananiuliza swali moja: "Bwana shamba, ninunue pikapu ya zamani au niendelee kukodi?" Nitajibu kwa yaliyonipata mwenyewe, maana mimi pia nina michikichi, na mimi pia nilipigwa.

Kwanza tuelewe kwa nini usafiri ni jambo la shamba. Tunda la mchikichi likishavunwa na kuchubuka, mafuta yake yanaanza kuharibika palepale. Mkungu unatakiwa ukamuliwe ndani ya saa 24. Msimu mmoja mikungu yangu ililala siku tatu kando ya barabara nikisubiri gari la kukodi. Mawese yaliyotoka yalikuwa makali, mnunuzi akashusha bei, nikanyamaza. Siku hiyo ndipo mimi na mke wangu tuliamua kununua gari kwa akiba ya misimu miwili. Nusu ya hela ilikuwa yake.

Nikapata Toyota Hilux ya dizeli, injini 3L, namba A, kwa shilingi milioni 7.5. Dalali aliniletea Ujiji. Injini iliwaka mara moja, rangi inang'aa, na chini chesisi imepakwa rangi nyeusi nzuri kabisa. Nikazunguka nayo kwenye lami tambarare, nikalipa.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, gari lilikuja likiwa la moto. Injini ya moto huficha mengi. Wiki ileile nilipanda nayo mlima wa kwenda Manyovu, mshale wa joto ukapanda pamoja nami. Gasketi ya hedi ilikuwa imekwisha na rejeta imeziba. La pili ni kubwa zaidi: pikapu ile ilikuwa imebeba chumvi ya Uvinza kwa miaka. Fundi alipogonga chesisi kwa nyundo, rangi ilidondoka na chuma kikafuata, nyuma karibu na springi. Mke wangu aliuliza kwa upole tu, "Na hiyo nyundo, siku ya kununua ilikuwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo wewe fanya hivi:

1. Mwambie muuzaji utakuja asubuhi, asiwashe gari. Shika injini, ikiwa ya moto, rudi kesho.

2. Injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili. Moshi wa bluu ni dalili ya oili kuungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni wa kuogopa.

3. Lala chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga chesisi yote, hasa nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu. Rangi mpya chini ya gari la zamani, iulize maswali.

4. Lijaribu mlimani, tena na mzigo, siyo kwenye lami tambarare.

5. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kama hakuna anayejua, badilisha. Ukikatika njiani unaweza kuondoka na injini.

6. Linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi. Angalia kama kadi ina jina la benki, na kama gari linadaiwa faini za barabarani. Andikishaneni mkataba kwa wakili, kisha mkabadilishe umiliki TRA. Usiendeshe gari lenye jina la mtu mwingine.

Matengenezo yangu yalikuwa hivi: kuchomelea chesisi na kuongeza vyuma 650,000, hedi na gasketi 420,000, rejeta 180,000, mkanda wa taimingi 160,000, springi na bushi 240,000, breki 150,000, matairi manne mapya 1,000,000. Jumla 2,800,000. Gari la milioni 7.5 likawa la milioni 10.3. Spea nyingine zilisubiri basi kutoka Dar.

Je, inalipa? Tupige hesabu. Safari moja ya kukodi kutoka shambani kwangu hadi kwenye mashine ya kukamulia ni 60,000. Nikitumia gari langu, mafuta ni 15,000, na 10,000 naweka kibindoni kwa matengenezo. Naokoa 35,000. Kurudisha milioni 10.3 nahitaji safari kama 294. Kwa mikungu yangu peke yake, safari tatu kwa mwezi, ni miaka minane. Gari lenyewe halifiki huko. Nikibeba na ya majirani kwa bei ileile, safari tatu kwa wiki, ni chini ya miaka miwili. Lakini ukibeba mizigo ya watu kwa malipo, kata leseni ya LATRA na bima, usije ukatoa faida yote kwenye faini.

Ushauri wangu basi: mwenye ekari mbili tatu asinunue peke yake. Unganeni wanne au watano mnaopakana, andikeni nani anachangia nini na nani anashika ufunguo. Na msizidishe mzigo. Mikungu 50 ya kilo 20 tayari ni tani moja, inatosha.

Pikapu yangu bado inatembea, na mikungu yangu inakamuliwa siku ileile. Nyundo inakaa chini ya kiti. Ukienda kukagua gari, pita uiazime.