Picha Hutafutwa kwa Maneno

Mtu anayetafuta mpiga picha wa harusi jijini Mwanza haanzi na picha. Anaanza na maneno machache anayoyaandika kwenye simu: mpiga picha wa harusi Mwanza, bei ya picha za sendofu, studio ya picha iliyo karibu. Jambo hili ni dogo, lakini tovuti nyingi za wapiga picha zimejengwa kana kwamba halipo. Ukizifungua unakutana na picha za kuvutia kweli, bibi harusi, machweo, mtoto anayecheka, na juu yake jina la studio na maneno mawili: Kazi Zetu. Mwenye tovuti anashangaa kwa nini hapati simu kutoka Google, ilhali mwenzake mwenye picha za kawaida anatokea juu kila mteja anapotafuta. Mara nyingi tofauti yao haipo kwenye kamera wala kwenye jicho. Ipo kwenye maandishi. Mpiga picha anayetaka kupatikana mtandaoni hana budi kukubali kazi ya pili, ya kuandika juu ya kile alichokipiga.

Historia inaeleza kwa nini iko hivyo. Google ilipoanzishwa mwaka 1998 ilikuwa mtambo wa kutafuta kurasa za maandishi. Huduma yake ya kutafuta picha ilikuja mwaka 2001, na Eric Schmidt, aliyeiongoza kampuni hiyo kwa miaka mingi, aliwahi kueleza kwamba msukumo ulitokana na watu wengi mno kutafuta gauni la kijani alilolivaa Jennifer Lopez kwenye tuzo za Grammy za mwaka 2000. Watu walitaka kuliona gauni, lakini njia pekee waliyokuwa nayo ya kuliomba ilikuwa maneno. Mtambo nao ulilazimika kuitambua picha kwa kusoma kilichoizunguka: jina la faili, kichwa cha ukurasa, sentensi zilizo karibu. Mwongozo ambao Google huwapa wenye tovuti bado unasisitiza mambo hayo hayo. Kamera inapoipa picha jina kama IMG_2391, mtambo hauambulii chochote. Faili hiyo hiyo ikiitwa harusi-mji-wa-kale-mombasa, tayari imesema mambo mawili, tukio na mahali.

Kuna pia maelezo mbadala ya picha, yaani sentensi fupi isiyoonekana kwenye ukurasa lakini iliyofungwa pamoja na picha. Yaliwekwa ili picha isipofunguka msomaji ajue ilikuwa nini, na ili asiyeona asomewe na programu ya simu au kompyuta yake. Google nayo huyatumia kuielewa picha. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuandika “mpiga picha Mombasa, mpiga picha bora Mombasa, mpiga picha rahisi Mombasa”. Google huonya waziwazi dhidi ya kurundika maneno namna hiyo, na kwa asiyeona ni usumbufu mtupu. Sentensi ya kweli, kwa mfano “Bibi harusi akionyeshwa kwa wageni usiku wa kupamba, Mji wa Kale, Mombasa”, inamfaa mtu na mtambo kwa pamoja. Mimi naichukua kuwa kipimo kizuri cha kazi yote hii: ukiandika kitu ambacho hakimsaidii binadamu yeyote, hujakiandika kwa ajili ya kupatikana, umekiandika kwa ajili ya kudanganya.

Atakayepinga atasema enzi hizo zimepita, kwamba mitambo siku hizi inaona. Ni kweli kwa kiasi chake. Google Lens, iliyotoka mwaka 2017, inatambua ua, jengo, hata aina ya kiatu. Lakini mteja hamtafuti mpiga picha ili aambiwe kwamba mle ndani kuna gauni jeupe. Anataka kujua kama ile ni sendofu au harusi yenyewe, kama huyo mpiga picha anasafiri hadi Tanga, kama bei inajumuisha albamu, kama kazi hukabidhiwa baada ya wiki mbili au miezi miwili. Familia ya pwani inayopanga kupamba, shughuli ya wanawake pekee, inataka kwanza kujua kama kuna mpiga picha mwanamke, na kama picha zitabaki kwao bila kusambazwa. Hakuna mtambo utakaoyasoma hayo kwenye uso wa bibi harusi, hata ukiwa na macho makali kiasi gani. Maswali yanayoamua nani atapewa kazi ni yale hasa ambayo picha haiwezi kuyajibu.

Kwa hiyo ukurasa mmoja wenye picha mia tatu hauna nguvu ya kurasa kumi zenye picha ishirini ishirini, kila mmoja ukihusu kazi moja na ukiwa na aya chache za maelezo halisi. Chukua Zanzibar, ambako wageni wengi huja kufunga ndoa ufukweni. Nungwi, kaskazini, jua huzama baharini. Paje na Jambiani, mashariki, bahari inatazama macheo, na maji yakipwa hurudi mbali sana, hasa siku za bamvua, ukabaki mchanga na mwani mahali ambapo bibi harusi alitarajia mawimbi. Mpiga picha wa Unguja anayajua haya bila kufungua kitabu. Akiyaandika kwenye ukurasa wenye kichwa kinachosema wazi ni fukwe zipi na saa ngapi za mwanga, amejibu swali ambalo mtu aliyeko Ujerumani au Afrika Kusini analiuliza miezi kadhaa kabla ya kukata tiketi. Huyo ataandika kwa Kiingereza, na familia ya Magomeni itaandika kwa Kiswahili, kwa hiyo kila lugha ipewe kurasa zake. Kuzichanganya kwenye ukurasa mmoja, au kumwaga tafsiri ya mashine isiyopitiwa na mtu, kunawachosha wote wawili. Wapiga picha wengi huacha kabisa kuandika Kiswahili kwa kudhani tovuti lazima iwe ya Kiingereza, wakati wateja wao wa mjini hutafuta kwa lugha wanayopangia harusi.

Upo upande wa ufundi ambao hauna ubishi mkubwa, basi niupitie haraka. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inaweza kuzidi megabaiti kumi, na ukurasa wenye picha kumi za namna hiyo unamaliza bando la mteja kabla hajaona chochote. Google huhesabu kuwa ni vizuri kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na hutazama zaidi namna tovuti ilivyo kwenye simu kuliko kwenye kompyuta. Picha yenye upana wa pikseli 2,000, iliyobanwa vizuri, yatosha kwa kioo, na nakala kubwa ibaki kwa ajili ya kuchapisha. Jingine ambalo wabunifu wa tovuti husahau: picha iliyowekwa kama pambo la nyuma ya ukurasa kwa njia ya CSS, Google haiiorodheshi, na ile isiyotokea mpaka mtu abofye kitufe huenda roboti yake isiifikie kamwe.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema tovuti ya nini, Instagram na WhatsApp zinatosha. Siwabezi, kwa sababu wateja wengi kweli hupatikana huko. Ila huko picha ya leo inafukiwa na ya kesho, na anayeiona kwa kawaida anapitisha muda tu, wakati anayeandika “mpiga picha wa harusi Dodoma” tayari ana tarehe na ana bajeti. Tena eneo lile si lako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, na biashara iliyokuwa na mlango huo mmoja tu ilifungwa nazo. Asiye na tovuti aanze basi na wasifu wa biashara wa Google, ambao ni bure na humweka kwenye ramani. Google husema matokeo ya eneo hutegemea mambo matatu: kulingana na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali huwezi kuubadilisha, lakini kulingana ni suala la kuandika huduma zako sawasawa, na maoni ya wateja halisi huujenga umaarufu.

Umaarufu huo unajengwa pia na viungo kutoka tovuti nyingine, wazo ambalo Google ilianza nalo. Hapa mpiga picha ana utajiri asioutumia. Ukumbi, hoteli, mpambaji, mpika keki na mshereheshaji wote wanazihitaji picha za shughuli ile ile. Awape chache, kwa ruhusa ya wenye harusi, na sharti moja tu: wakiziweka kwenye tovuti zao, wataje jina lake na kuweka kiungo. Hivyo ni viungo vya haki. Vile vya kununua Google imekuwa ikivipiga vita, hasa tangu mwaka 2012, na anayekuuzia ahadi ya kuwa namba moja anakuuzia asichonacho, kwani Google yenyewe inasema hakuna awezaye kuidhamini nafasi hiyo. Majibu yanayotungwa na akili mnemba, ambayo tangu 2024 Google imekuwa ikiyaweka juu ya matokeo, hayajabatilisha hoja hii. Nayo yanatungwa kwa kutegemea kurasa zilizoandikwa.

Linabaki swali la faragha, na ni swali la heshima kabla ya kuwa la sheria. Ukiandika sana juu ya harusi ya mtu, unamwanika? Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi. Lakini anayetafuta mpiga picha hahitaji jina la bibi harusi. Anahitaji aina ya shughuli, mji, majira na namna kazi ilivyofanyika, na hayo yote yanaandikika bila kumtaja yeyote. Ridhaa ya picha iombwe kwa maandishi wakati wa kusaini mkataba, na ya watoto kwa wazazi.

Haya yote yanachukua muda. Makadirio ya Google ni kwamba tovuti iliyorekebishwa huhitaji kati ya miezi minne na mwaka kabla ya faida kuonekana. Kwetu, mwezi wa Ramadhani na siku za Kwaresima harusi hupungua, kisha Desemba huwa haishikiki. Anayetaka kazi za Desemba aandike kurasa zake katika miezi hiyo ya utulivu, halafu kila wiki chache afungue Search Console, huduma ya bure ya Google, aone maneno gani hasa watu waliandika mpaka tovuti yake ikatokea mbele yao. Akikuta wengi wameuliza bei na hajaandika bei popote, ukurasa unaofuata ameshaujua.