Hewa Ina Kalenda Yake: Utangulizi wa Elimu ya Kuhesabu Chavua

Mijakaranda inapochanua Arusha na Nairobi, mitaa ikageuka zambarau, wapo watu ambao macho huanza kuwasha na chafya haziwaachi, na lawama zote huangukia mti ule. Mti hauna hatia. Chavua ya mjakaranda ni nzito, inanata, na kazi ya kuibeba ni ya nyuki. Ni kidogo mno inayofika puani mwa mpita njia. Wa kushukiwa kwanza yuko chini, kando ya barabara hiyohiyo: nyasi. Maua yake hayana rangi wala harufu kwa kuwa hayamwiti mdudu yeyote. Yanategemea upepo, na kwa kuwa upepo haujui pa kupeleka mzigo, mmea hulazimika kumwaga chavua kwa wingi wa ajabu. Tikisa suke la nyasi lililochanua asubuhi juu ya kitambaa cheusi, utaona vumbi la manjano hafifu. Hilo ndilo somo letu.

Aliyelifungua ni daktari wa Manchester, Charles Blackley, ambaye mwenyewe aliugua mafua ya mzio kila kiangazi. Alijinusisha chavua, akajikwaruza ngozi na kuipaka hapo, kisha akarusha tiara zilizobeba vioo vyenye kunata ili ajue kama chavua hupanda juu angani. Hupanda. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873, na ile mbinu ya kukwaruza ngozi bado ndiyo msingi wa kipimo cha mzio kinachofanywa kliniki leo.

Chombo tunachokitegemea zaidi kilikuja mwaka 1952, nacho kilibuniwa na mtafiti wa magonjwa ya mimea, Hirst wa Rothamsted, Uingereza, aliyekuwa akiwinda mbegu za kuvu mashambani. Mtego wake hukaa juu ya paa na kuvuta lita 10 za hewa kila dakika, karibu sawa na mtu aliyetulia anavyopumua. Hewa hupita kwenye upenyo mwembamba na kugonga utepe unaonata, ambao husogea milimita 2 kwa saa. Kwa hiyo utepe ni saa pia: ukiukata na kuuweka chini ya hadubini, unasoma kilichopita hewani saa mbili usiku wa juzi.

Hapo ndipo penye raha ya kazi hii. Chembe ya nyasi ni duara laini lenye tundu moja tu, kama mpira na mahali pake pa kujazia upepo. Chembe ya msonobari ina vifuko viwili vya hewa ubavuni. Gugu karoti, ambalo limevamia Arusha na sehemu nyingi za Kenya na linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchokoza pua, chembe yake imezungukwa na miiba mifupi. Mwanafunzi hujifunza sura hizi kama mtoto anavyojifunza nyuso za ukoo wake. Ila nyasi karibu zote zinafanana. Hadubini itakuambia ni nyasi, haitakuambia nyasi gani.

Hesabu hutolewa kwa chembe katika mita moja ya ujazo ya hewa. Uingereza, chavua ya nyasi ikifika 50 husemwa iko juu. Lakini namba hiyo ni ya paa moja, na mara nyingi ni ya jana. Na wingi si hatari yote. Tarehe 21 Novemba 2016, jioni, dhoruba ya radi ilipita Melbourne, Australia, siku ambayo hewa ilijaa chavua ya nyasi. Chembe zilipolowa zilipasuka, zikatoa vipande vidogo vinavyoweza kupenya hadi ndani ya mapafu. Maelfu walikimbilia hospitali, watu 10 wakafa. Wengi walioshindwa kupumua hawakuwahi kuambiwa kuwa wana pumu. Walijua tu kwamba pua huwasumbua. Mwaka uliofuata jimbo la Victoria lilianzisha utabiri wa dhoruba za namna hiyo. Nikisikia mtu akisema mafua ya mzio ni kero ndogo, jioni ile hunijia.

Sasa tuje nyumbani. Kalenda za Ulaya hazitufai. Kule nyasi huchanua kuanzia Mei hadi Julai, basi; huku zinafuata mvua, baada ya masika na tena baada ya vuli, na mvua yenyewe hainyeshi Tanga kama inavyonyesha Dodoma. Mgonjwa anayeshauriwa kuanza dawa ya kupuliza puani wiki mbili kabla ya msimu ana haki ya kuuliza: msimu upi? Jibu linahitaji mitego juu ya mapaa yetu na watu wenye subira ya kuhesabu kwa miaka, si kwa mwezi.

Mtego usipokuwepo, daftari linaanza kazi. Andika kila jioni: chafya, macho, usingizi, mvua ilinyesha lini, nani alifyeka wapi. Kisha paka kipande cha kioo mafuta ya mgando, kiache dirishani kutwa nzima, ukipeleke penye hadubini. Utakutana na masizi, mchanga, kuvu, nyuzi za nguo. Endelea kusogeza kioo taratibu mpaka lipite duara moja laini lenye tundu moja.