Watoto Wenye Ulemavu Kaaleng: Msaada wa Miaka ya Mwanzo

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilichukua takwimu za ulemavu kwa watu wa umri wa miaka 5 kwenda juu, ikapata asilimia 2.2. Watoto wa chini ya hapo hawamo katika hesabu hiyo, ingawa ndio wanaofaidika zaidi wakisaidiwa mapema: ubongo wao ungali unajijenga, na kazi ya sehemu iliyoumia huweza kwa kiasi fulani kushikwa na sehemu nyingine.

Kaaleng iko kaskazini mwa Kaunti ya Turkana. Lodwar, penye hospitali ya rufaa ya kaunti, ni zaidi ya kilomita 150 kusini, na familia nyingi huhama na mbuzi wao kufuata malisho. Visababishi vya ulemavu vinajulikana: mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuacha mtindio wa ubongo, uziwi au kifafa. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta watoto 61 katika kila 1,000 wa umri wa miaka 6 hadi 9 wana athari za wastani au kali za mfumo wa neva.

Utafiti huo ulianza na maswali kumi tu aliyoulizwa mzazi: je, mtoto anasikia, anaelewa anachoambiwa, alichelewa kukaa au kutembea? Mashine haihitajiki. Karibu watoto wote hukaa bila kushikiliwa wakifika miezi 9 na hutembea wakifika miezi 18. Anayechelewa si lazima awe na ulemavu. Ukame ukizidi, njaa peke yake humchelewesha mtoto.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, hatari kubwa inayosahaulika mno iko kwenye kulisha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hutafuna na kumeza kwa shida. Akilishwa amelala chali, uji huingia mapafuni na kuleta nimonia. Akiharakishwa, hushiba nusu na kudhoofu kabla ya ndugu zake. Dawa ni mkao: kiwiliwili wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kidevu kikishikiliwa, vijiko vidogo vya chakula kizito kiasi. Mama au nyanya hujifunza haya kwa muda mfupi.

Mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda tangu kuzaliwa, una habari njema zaidi. Kwa mbinu ya daktari Ignacio Ponseti, plasta hubadilishwa kila wiki kwa wiki chache, kisha mtoto huvaa viatu maalumu, mwanzoni karibu kutwa nzima na baadaye usiku tu, hadi umri wa miaka 4 hivi. Wazazi wakiviacha viatu hivyo, mara nyingi mguu hurudi ulivyokuwa.

Chekechea ziko chini ya kaunti, na katika Turkana uji wa shuleni huwavuta watoto wengi. Mtoto anayefichwa nyumbani hukosa masomo na uji pia. Kwa asiyeweza kutembea, kufika shuleni nako ni shida: kiti cha magurudumu cha mjini huzama mchangani. Cha magurudumu matatu mapana hupita. Vituo vya tathmini ya elimu, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, ndivyo vinavyoshauri mtoto asome wapi, lakini haifai kumsubirisha mtoto hadi afike mjini. Kliniki tembezi zinazopima mikono ya watoto kwa utepe wa lishe tayari hufika vijijini. Maswali yale kumi yaulizwe hapo hapo.