Vijana wasikizwa katika mikutano ya mazingira, lakini uamuzi si wao

MWANAMAZINGIRA Elizabeth Wathuti kutoka Kenya aliposimama mbele ya viongozi wa dunia mjini Glasgow, Novemba 1, 2021, aliwaambia kuwa zaidi ya Wakenya milioni mbili walikuwa wakikabiliwa na njaa iliyosababishwa na mabadiliko ya hali ya anga. Kisha akawaomba wanyamaze kwa muda, na ukumbi ukatulia.

Hotuba hiyo haikumpa kiti mezani. Mikutano hiyo ni ya nchi zilizoridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992, na ni wajumbe wa serikali pekee wanaoafikiana. Kijana asiye katika ujumbe wa nchi yake huingia kama mwangalizi, kwa kibali cha shirika lililoidhinishwa. Kundi la vijana, YOUNGO, lilitambuliwa rasmi mwaka 2011. Hupewa dakika chache za kutoa kauli, lakini mashauriano ya faragha yanapoanza, waangalizi hubaki nje.

Ndiposa kazi yenye tija hufanyika kwenye veranda: kumvizia mjumbe wa nchi yako na kumkabidhi aya moja unayotaka iingizwe kwenye rasimu. Aliye mwerevu humtafuta mjumbe huyo hata kabla ya kuabiri ndege.

Subira nayo yahitajika. Ahadi iliyotolewa na mataifa tajiri mwaka 2009, ya dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020, ilikuwa bado deni Wathuti alipohutubu. Ilitimizwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022.