Mvutano Haukomi Angani: Ukuzaji wa Fuwele na Uteuzi wa Istilahi

Simu ambayo mchuuzi wa ndizi katika soko la Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, hutumia kupokea malipo hutegemea vipande vidogo vya silikoni. Silikoni ni kipitishi nusu: haipitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Ili itumike hivyo, sharti iwe fuwele, yaani yabisi ambayo atomi zake zimejipanga kwa mpangilio mmoja unaojirudia. Makala haya yanalenga kueleza kwa nini wanasayansi wamekuza fuwele za vipitishi nusu katika vyombo vya angani, na kwa nini suala hilo linamhusu mwanaisimu wa Kiswahili.

Mchongaji wa mawe wa Tabaka hulikagua jiwe kabla ya kulitia patasi, kwani kinyago hupasuka pale penye ufa. Vivyo hivyo, dosari katika fuwele huvuruga mwendo wa umeme. Hata hivyo, mchongaji hulipokea jiwe likiwa tayari, ilhali mkuza fuwele huanza na kitu kilichoyeyushwa, kisha akakigandisha polepole.

Tatizo huzuka hapo. Silikoni huyeyuka katika nyuzijoto 1,414 za Selsiasi. Tuchukue mfano wa sufuria ya uji wa wimbi iliyo mekoni: uji wa chini ukipata moto huwa mwepesi ukapanda, nao wa juu uliopoa hushuka. Mzunguko huo husababishwa na mvutano wa dunia. Katika tanuri, mzunguko kama huo huyumbisha joto pale fuwele inapoganda. Matokeo yake ni kwamba elementi zilizotiwa kwa makusudi ili kurekebisha upitishaji wa umeme hujipanga kwa michirizi badala ya kuenea sawasawa.

Katika kituo cha Skylab kilichorushwa na Marekani mwaka 1973, fuwele za indiamu na antimoni ziliyeyushwa na kugandishwa upya, na sehemu zilizokulia huko hazikuwa na michirizi hiyo. Mwaka 1992, chombo cha Columbia kilibeba tanuri lililokuza, miongoni mwa nyingine, fuwele za kadimiamu, zinki na teluriamu. Ilibainika kuwa dosari zilipungua hasa pale fuwele ilipokua bila kugusa ukuta wa chombo chake.

Je, hali hiyo ya angani tuiiteje? Aghalabu huelezwa kuwa ni "kutokuwepo kwa mvutano". Maelezo hayo yanapotosha. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko takriban kilomita 400 juu yetu, na mvutano huko ni karibu asilimia 89 ya ule wa ardhini. Kinachotokea ni kwamba kituo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja bila kukoma, lakini kasi yake ya kwenda mbele huufanya mwanguko huo uizunguke dunia. Tuseme kibuyu cha maji chenye tundu kimedondoshwa kutoka genge la Manga. Tukipuuza ukinzani wa hewa, maji hayatatoka tunduni wakati kibuyu kinaanguka, kwa sababu vyote viwili vinashuka kwa kasi moja. Ndani ya tanuri linaloanguka, kilicho chepesi hakipandi, wala kilicho kizito hakizami.

Kwa hivyo, istilahi "uzito hafifu" inafaa zaidi kuliko "ukosefu wa mvutano", kwa kuwa hutaja kinachopungua kwa hakika. Neno "hafifu" pia linafaa kuliko "sufuri", kwani mitikisiko midogo ya chombo hubakia. Aidha, tofauti za joto kwenye uso wa kimiminika bado huweza kukisukuma. Kwa sababu hizi, na kwa sababu ya gharama, fuwele za silikoni za simu zetu zingali zinakuzwa duniani. Faida kuu ya majaribio ya angani imekuwa maarifa.

Mnamo tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka katika kituo hicho hicho. Mwanafunzi wa Nyamira atakayetaka kujua ni kwa nini haikudondoka moja kwa moja hatasaidiwa na istilahi inayodai kwamba mvutano haupo. Mwundaji wa istilahi hana budi kuielewa dhana kwanza, ndipo aipe jina.