Kumrusha Mtoto Darasa: Utangulizi

Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, kilimpokea mwanafunzi wa miaka 13 aitwaye Joseph Bates. Profesa Julian Stanley, mtaalamu wa upimaji, alikuwa amempa mtihani wa SAT, ule ambao vijana wa Marekani huufanya wakikaribia kumaliza sekondari, naye akapata alama ambazo wengi wa miaka 17 hawazipati. Stanley hakuwa na haraka ya kumpeleka chuoni. Alitafuta kwanza shule ya sekondari ya karibu itakayomruhusu kusoma masomo ya juu, asiipate. Ndipo chuo kikafungua mlango. Alipofika miaka 17, Bates alikuwa na shahada ya kwanza na ya uzamili.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kimebeba karibu kila kitu kinachotushughulisha katika taaluma hii ya kuwarusha watoto darasa: mtoto aliyeupita mtaala wa darasa lake, mtu mzima aliyeliona hilo, kipimo kilichothibitisha, na shule zilizosita. Karibu sana, msomaji, uwe mzazi, mwalimu au mwanafunzi wa ualimu. Si lazima uwe mwanasaikolojia ndipo uelewe yaliyomo humu.

Taaluma yenyewe si changa. Leta Hollingworth, aliyefundisha Teachers College, New York, alikwisha kuonya kabla ya kufariki mwaka 1939 kwamba mtoto mwenye kiwango cha akili (IQ) cha 140 hupoteza nusu ya muda wake katika shule ya kawaida ya msingi, na aliyepita 170 huupoteza karibu wote. Mwaka 1971 Stanley alianzisha utafiti unaowafuatilia vijana wenye kipawa cha hisabati tangu utotoni hadi utu uzima. Leo unaendelea katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Mwaka 1984 watafiti James Kulik na Chen-Lin Kulik walikusanya tafiti zilizokuwapo wakakuta kwamba watoto waliorushwa darasa walikwenda sambamba na wanafunzi hodari wa darasa jipya waliowazidi umri, na waliwatangulia kwa takriban mwaka mzima wenzao wa rika na uwezo uleule waliobaki nyuma. Katika utafiti wa elimu, ambako matokeo hupingana kila kukicha, ni nadra kuona ushahidi unaoelekea upande mmoja kiasi hiki.

Hata hivyo, mzazi akigonga mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, jibu analopewa mara nyingi ni lilelile: kichwani yuko tayari, lakini bado ni mdogo, atapwaya kati ya wakubwa. Hofu hii ni ya kweli na hutoka kwenye moyo wa ulezi. Inastahili kujibiwa kwa heshima na kwa data. Mtafiti Miraca Gross aliwafuatilia kwa miaka mingi watoto 60 wa Australia wenye akili ya kiwango cha 160 na kuendelea. Kati yao 17 walirushwa madarasa matatu au zaidi, na 33 waliachwa wasome pamoja na rika lao muda wote. Kwa jumla wale 17 walikua na marafiki wa kudumu na wakaipenda elimu. Wengi wa wale 33 ndio waliokuwa wapweke. Kwa hiyo kumwacha mtoto alipo nako ni uamuzi, tena wenye gharama zake, ingawa hakuna anayeitiwa kikao kuujadili.

Huku kwetu Afrika Mashariki hoja ya umri ina uzito mdogo zaidi. Madarasa yetu mengi yamezoea kuchanganya rika, maana wako wanaoanza shule wakiwa wamechelewa miaka miwili au mitatu. Mwaka 2004, Shule ya Msingi Kapkenduiyo huko Eldoret, Kenya, ilimwandikisha Mzee Kimani Maruge darasa la kwanza akiwa na miaka 84, na masomo yakaendelea. Shule iliyoweza kumpokea babu haiwezi kushindwa na mtoto wa miaka minane aliyeketi na wa miaka kumi.

Kuruka darasa zima ni njia moja tu. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Iowa ya mwaka 2004, iliyoandikwa na Colangelo, Assouline na Gross, inataja njia 18, zikiwamo kuanza shule mapema na kupanda katika somo moja tu. Hiyo ya pili ndiyo ninayopenda ijaribiwe kwanza shule inaposita: mtoto wa darasa la tatu anakwenda la tano kipindi cha hisabati, kengele ikilia anarudi kwa wenzake.

Kabla ya kikao na shule cha kujadili kumrusha mtoto, omba mtihani wa mwisho wa muhula wa darasa la juu, mtoto aufanye kimya, kisha yatazameni makosa pamoja na mwalimu. Akikosa kugawanya kwa njia ndefu kwa sababu hajawahi kuonyeshwa, hilo ni pengo la wiki mbili. Akikosa kwa sababu hakulielewa swali, hapo tulia. Angalia pia ratiba ya taifa: Tanzania ina upimaji wa darasa la nne, hivyo kumtoa mtoto la tatu kumpeleka la tano huzua swali la usajili ambalo ni bora liulizwe mapema. Kati ya makatazo ya nyenzo ya Iowa ya kuongoza uamuzi wa kumrusha mtoto, mawili nayaunga mkono kabisa: usimrushe mtoto asiyetaka, wala usimpeleke darasa alilomo kaka au dada yake.

Tena kumtetea mtoto si kusukuma tu. Wazazi wa mwanahisabati Terence Tao, aliyezaliwa Adelaide mwaka 1975, walimpeleka shule akiwa na miaka mitatu na nusu, wakaona bado, wakamrudisha nyumbani. Alianza tena na miaka mitano, katika shule iliyokubali apande hisabati kwa kasi yake huku masomo mengine yakienda taratibu. Mwaka 2006 alipata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati.

Uamuzi ukishapita, kazi inahamia kwa mwalimu anayempokea. Apewe orodha ya mada ambazo mtoto hakufundishwa, na muhula mmoja wa majaribio uliokubaliwa na wote. Ajue pia kwamba mkono wa mtoto wa miaka minane huandika polepole kuliko wa miaka kumi. Daftari lenye nusu ya maswali, yote yakiwa sahihi, linamwambia kwamba mtoto yuko mahali pake na anahitaji dakika chache za ziada.